Picha imekataa, au nguo ndiyo imekataa? Dalili, sababu na marekebisho kabla ya kwenda kupiga picha rasmi Nyanda za Juu Kusini

Mtu akipokea picha zake na kuona sura si yake, wa kwanza kulaumiwa ni mpiga picha, wa pili ni kamera. Lakini malalamiko yanayorudi tena na tena kwenye studio za Mbeya, Iringa na Njombe mengi chanzo chake ni nguo: shati linalong'aa kuliko uso, koti lenye mabega ya mtu mwingine, miwani ya kusomea iliyogeuka kuwa ya jua. Karibu yote haya huonekana mapema kwa anayeangalia mapema.

Tafuta dalili yako hapa chini. Chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia, kwa hiyo anza nayo kabla ya kushuka kwenye zile za nadra.

Kwanza: jaribio la simu, siku 3 kabla

Vaa kila kitu, kuanzia nguo za ndani hadi viatu, pamoja na miwani kama unavaa. Mpe mtu simu, asimame hatua 3 mbali nawe, atumie kamera ya nyuma. Selfi haifai kwa kazi hii: mkono ni mfupi, lenzi inakaribia uso, pua inakuwa kubwa na mabega yanasinyaa. Zima ile kazi ya simu ya kulainisha ngozi, kisha futa lenzi kwa kitambaa safi.

Piga picha 4. Ya kwanza umesimama kando ya dirisha mchana, ya pili umekaa kitini, ya tatu ya ubavu, na ya nne katika chumba chenye giza kidogo, flashi ikiwaka. Zikuze na uangalie kola, mabega, na pale vifungo vinapokutana tumboni.

Siku 3 zinatosha kufua, kukausha na kumwona fundi cherehani. Juni na Julai zifanye 5, maana Njombe na Makete suruali nzito inaweza kushinda kambani siku nzima na jioni bado ina unyevu. Tukuyu mvua ni za kuvizia karibu mwaka mzima, kwa hiyo huko hesabu siku 5 wakati wowote.

Dalili: shati limewaka, uso umeingia giza

*Sababu ya kwanza: shati jeupe pe bila kitu juu yake.* Kamera inapopima mwanga yenyewe, huchukulia kwamba picha nzima inapaswa kuwa na mwanga wa wastani. Shati jeupe likijaa nusu ya fremu, kamera inapunguza mwanga, na uso mweusi ndio unaoumia. Mpiga picha akiuongeza mwanga kwa ajili ya uso, shati nalo linaungua: kola, vifungo na mishono vinapotea, linabaki doa jeupe tupu kifuani.

Ukaguzi: chukua picha ya dirishani, kisha vaa koti la rangi ya kukoza juu ya shati lilelile na upige tena palepale. Uso ukirudi, umepata jibu. Vaa koti ili weupe ubaki kwenye pembe ndogo ya kifua tu, au badilisha shati: rangi ya krimu, bluu ya mbingu na waridi hafifu hutoa picha safi bila kugombana na ngozi. Kama ofisi inadai shati jeupe na koti huna, mwambie mpiga picha kabla hajaanza, apime mwanga kwenye uso na ahifadhi faili ghafi (RAW) ili weupe wa shati uweze kurudishwa baadaye.

*Sababu ya pili: sabuni.* Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha zinazopokea mionzi ya urujuanimno na kuitoa kama mwanga wa bluu. Machoni shati linaonekana safi, lakini chini ya flashi au jua kali linakuwa na ubluu unaochoma. Huku juu mionzi hiyo ni mikali zaidi kuliko pwani: huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Kusuuza hakutoi kemikali hizo, ziko kwenye nyuzi. Tumia shati la krimu.

*Sababu ya tatu: jua la saa sita.* Hapo nguo haina kosa. Omba picha ya nje ipigwe asubuhi kabla ya saa 3 au jioni baada ya saa 10.

Onyo: usijaribu kuokoa shati lililofubaa kwa kuliloweka kwenye Jiki usiku kucha. Dawa hiyo hugeuza baadhi ya vitambaa vya kuvutika kuwa vya njano, na sufu na hariri huviyeyusha kabisa. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Doa la kutu, wino au mafuta ya zamani mpelekee dobi mwenye uzoefu, na mwambie umeshajaribu nini.

Dalili: suti nyeusi imekuwa shimo, au koti na suruali havifanani

Suti nyeusi mbele ya pazia jeusi huacha kichwa kinaelea. Uliza rangi ya pazia la studio kabla hujatoka nyumbani. Ni swali la dakika moja kwenye simu. Bluu iliyokoza, kijivu cha mkaa na damu ya mzee hubaki na umbo hata kwenye mwanga mdogo, na ndiyo chaguo letu kwa picha ya kazi badala ya nyeusi.

Koti na suruali vikinunuliwa sehemu tofauti, kuna weusi wenye ubluu na weusi wenye ukahawia. Dukani chini ya taa huwezi kutofautisha. Vitoe nje mchana, uviweke kimoja juu ya kingine. Vikitofautiana, usihangaike kuvipaka rangi: vaa suruali ya rangi tofauti waziwazi, kijivu kwa mfano, ionekane umekusudia. Vumbi na nyuzi kwenye nguo nyeusi zinatolewa kwa gundi ya karatasi (ile ya kufungia maboksi) uliyoizungusha viganjani, upande wa gundi ukiwa nje.

Dalili: kidevu kimekuwa kijani, au shingo ina unjano usio wa kawaida

Kitambaa chenye rangi kali hurudisha rangi yake juu, chini ya kidevu. Kijani kinachowaka, njano ya bodaboda na waridi kali ndivyo vibaya zaidi. Shika karatasi nyeupe chini ya kidevu, karibu na kola: karatasi ikichukua rangi ya nguo, na ngozi yako imeichukua. Kama nguo haina kosa, angalia juu. Turubai la bluu la sherehe linamfanya kila aliye chini yake aonekane mgonjwa, na hakuna nguo inayotibu hilo. Toka nje ya turubai.

Dalili: mistari ya shati inacheza kama maji

Hii humshangaza kila mtu, kwa sababu kwenye kioo shati ni zuri tu. Mistari myembamba sana au miraba midogo ikikutana na safu za vidoti vya kamera, picha inapata mawimbi ambayo kwenye nguo hayapo. Hutokea zaidi kwa mashati ya ofisi yenye mistari ya milimita 1 au 2, na makoti ya kijivu yenye ufumaji wa nukta.

Angalia picha ya jaribio ukiikuza na kuipunguza taratibu. Mawimbi yakionekana kwa ukubwa mmoja na kupotea kwa mwingine, huenda ni kioo cha simu tu, lakini usibahatishe: acha shati hilo nyumbani. Mawimbi yakionekana kila ukubwa, yamo ndani ya picha yenyewe, na kuyaondoa baadaye ni kazi ya saa nyingi ambayo mara nyingi huharibu kitambaa kizima. Kama uko tayari studio na huna nguo nyingine, mpiga picha asogee hatua moja mbele au nyuma, au ugeuze mwili kidogo.

Dalili: nguo imenimeza

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina sababu nyingi.

*Mabega.* Koti la mtumba, liwe la soko la Mwanjelwa Mbeya au la Mashine Tatu Iringa, lilishonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Mshono wa bega unapaswa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia. Simama kando ya ukuta, uusogelee mpaka bega liuguse: kama pedi ya koti inagusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Likizidi kwa sentimita 1 picha inaweza kulificha ukigeuka kidogo. Likizidi kwa 2 au zaidi, hakuna pozi litakalokuokoa.

*Sweta chini ya koti.* Huku kwetu watu huvaa sweta la kufuma chini ya suti kuanzia Mei hadi Agosti, na ni sawa kwa kwenda kazini. Kwenye picha kifua kinavimba, vifungo vinavutana na kutengeneza alama ya X tumboni. Badilisha sweta kwa fulana nyembamba ya kubana, yenye shingo ya V isiyochungulia kwenye kola.

*Kola.* Funga kifungo cha juu. Vidole 2 viingie kati ya kola na shingo bila kulazimisha. Vikiingia 4, shati litasimama mbali na shingo na tai itaning'inia kama kamba ya mbuzi. Kisipoingia hata kimoja, shingo itamwagika juu ya kola.

*Mikono na urefu.* Mkono wa shati utokeze sentimita 1 hadi 1.5 nje ya mkono wa koti. Kifungo cha chini cha koti huachwa wazi. Ukikaa, fungua vifungo vyote na ukalie pindo la nyuma la koti ili mabega yasipande masikioni.

*Vitu vidogo vinavyosahauliwa.* Koti jipya huja na lebo iliyoshikizwa kwa nyuzi chache kwenye mkono, na mpasuo wa nyuma umefungwa kwa uzi wa msalaba. Vyote ni vya dukani, vinatakiwa kukatwa kabla ya kuvaliwa. Tumia mkasi mdogo, kata uzi peke yake, usivute.

Kama muda umekwisha, vibanio 3 vya nguo mgongoni vitakaza koti kwa picha ya mbele. Vinafanya kazi, ila usigeuke.

Acha hapo na uende kwa fundi: kupunguza ubavu, kupandisha mikono na upindo wa suruali ni kazi ya kawaida kwa fundi yeyote mzuri. Bega ni jambo jingine. Kulipunguza ni kufumua mkono mzima, pedi na bitana, na fundi asiye na uzoefu wa suti atakurudishia koti lililopinda. Muulize kama ameshawahi kufanya na akuonyeshe. Asipoweza kukuonyesha, tafuta koti jingine. Na kabla ya mahafali ya vyuo, mpe fundi wiki nzima, maana foleni inakuwa ndefu.

Dalili: mabega yamepanda, ngozi ina vipele vya baridi, macho yanatoa machozi

Baridi huonekana kwenye picha hata kama nguo yenyewe ni nzuri. Gauni lisilo na mikono lililoshonwa kwa ajili ya picha za Instagramu za Dar es Salaam haliwezi kufanya kazi saa 1 asubuhi Njombe mwezi Julai. Suluhisho rahisi ni kuvaa jaketi zito au kujifunika shuka mpaka kamera iwe tayari, ulitoe, upigwe picha 5 au 6, ulirudishe. Chini ya gauni refu au suruali, skintaiti haionekani. Ukitaka zaidi ya hapo, chagua mikono mirefu ya kitambaa kizito cha pamba, na usogeze picha mpaka saa 4 asubuhi.

Baridi kavu pia huleta ngozi iliyopauka kwenye viwiko, magoti na nyuma ya mikono, na kamera nzuri huiona kuliko jicho. Paka mafuta dakika 30 kabla, kisha pangusa kwa kitambaa laini. Mafuta mazito ya mgando yakiachwa juu ya paji la uso yanarudisha flashi kama kioo. Usijaribu krimu mpya wala vipodozi vipya siku ya picha. Ngozi ikiwasha, ikivimba au kutoa malengelenge, osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya. Kuifunika kwa poda kutaongeza madhara.

Ukavu huohuo hufanya sketi ya polista ing'ang'anie miguuni. Paka losheni kidogo kwenye miguu, vaa gagulo la pamba ndani, au shikiza pini ndogo ya usalama ndani ya mshono karibu na upindo.

Dalili: miwani imefuta macho

Kama ni mng'ao mweupe wa taa, inua mikono ya miwani nyuma ya masikio kwa nusu sentimita, vioo viinamie chini, ushushe kidevu kidogo. Mpiga picha naye apandishe taa juu. Mara nyingi inatosha.

Kama vioo vimekuwa vyeusi, miwani yako ni ya ile inayobadilika juani. Huhitaji mionzi ya urujuanimno ili iwe nyeusi, na kwenye baridi huwa nyeusi zaidi na huchelewa kurudi. Kwa hiyo ileile iliyokuwa na kivuli hafifu Dar es Salaam, Makete inakuwa miwani ya jua kamili, na ukiingia studio inaweza kuchukua dakika kadhaa kusafika. Piga picha ndani, mbali na jua la moja kwa moja, baada ya kusubiri. Kwa picha za nje, beba jozi ya zamani yenye vioo vya kawaida, au iweke kwenye kasha mfukoni mpaka kamera iwe tayari, kisha ivae na upigwe papo hapo.

Usijaribu kung'oa vioo wala kukunja fremu ya plastiki ikiwa na baridi, itakatika. Duka la miwani hufanya hivyo kwa dakika chache.

Dalili: makunyanzi, au kitambaa kinang'aa mapajani na kwenye viwiko

Makunyanzi mengi hayatokani na kukosa pasi. Nguo ilipigwa pasi vizuri, kisha ikakaliwa kwenye daladala kutoka Uyole. Beba nguo ya picha ikiwa imetundikwa, ivae pale pale studio. Kitani hujikunja ndani ya dakika 10, hivyo usikitumie kama picha ni za kukaa.

Mng'ao unaotokana na pasi ya moto sana ni kitu kingine. Polista ikiyeyuka juu, haitibiki. Sufu iliyolala inaweza kuinuka ukiipitishia mvuke na kuisugua kwa brashi laini. Siku zote weka kitambaa cha pamba chenye unyevu kati ya pasi na nguo, na piga upande wa ndani.

Wanaotumia pasi ya mkaa: ipulize na kuipunga nje kwanza mpaka majivu yaishe, kisha ipitishe juu ya kitambaa cha zamani kabla ya kugusa shati. Na hili tunalisema kwa uzito wote: usipige pasi ya mkaa chumbani ukiwa umefunga mlango na madirisha kwa sababu ya baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Kichwa kikianza kuuma au ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, acha kila kitu, toka nje, mtoe na aliye ndani, na muwahi hospitali.

Dalili: flashi imeonyesha nguo za ndani

Ndiyo sababu ya ile picha ya nne ya jaribio. Kinachowashangaza wengi ni kwamba sidiria au fulana nyeupe chini ya blauzi nyeupe ndiyo inayoonekana zaidi. Vaa ya rangi inayokaribia ngozi yako. Blauzi ikiendelea kuonyesha, ipelekwe kwa fundi itiwe bitana.

Dalili: picha ya familia imejaa vurugu, au sare hazifanani

Kitenge cha sare kikinunuliwa kwa mafungu mawili tofauti, rangi hutofautiana hata kama namba na maua ni yaleyale. Nunua cha wote siku moja, kutoka jora moja. Kifue kabla ya kushona: kitenge kipya kina wanga unaokifanya kisimame kama boksi, na kikishonwa kabla ya kufuliwa kinaweza kurudi. Kukiloweka kwenye chumvi hakuzuii kuchuja, suuza mpaka maji yatoke safi.

Watu 8 wote wakivaa maua makubwa, macho hayajui pa kutua. Inapendeza zaidi wazee wavae kitenge kamili, watoto na vijana wavae rangi moja iliyotolewa ndani ya kitenge hicho. Watoto wavalishwe mahali pa picha, wa mwisho kabisa, hasa kiangazi, maana vumbi jekundu haliwasubiri.

Dalili: nimepotea kwenye mandhari

Kijani ndani ya mashamba ya chai ya Mufindi au Rungwe kinakumeza. Vaa nyeupe ya krimu, haradali au rangi ya tofali. Kwenye jiwe la Gangilonga au nguzo za mawe za Isimila, Iringa, kaki, kijivu na rangi ya mchanga hupotea, bluu iliyokoza na damu ya mzee husimama. Septemba na Oktoba nyasi zimekauka, kwa hiyo haradali iliyopendeza kwenye chai sasa haionekani. Asubuhi ya ukungu rangi hafifu hufifia zote. Makambako kuna upepo wa kweli: gauni jepesi lishonewe vipande vidogo vya uzito ndani ya upindo, la sivyo vaa suruali.

Dalili: picha nzuri, lakini imekataliwa

Picha za nyaraka zina sheria zake, na uzuri hausaidii. Soma maelekezo ya ombi lako kwanza: yakitaka pazia la bluu, usivae bluu, yakitaka jeupe, usivae jeupe, mabega yatapotea. Kwa viza ya Marekani miwani hairuhusiwi tangu Novemba 2016, sare za kazi hazikubaliki, na kitambaa cha kichwa kinachovaliwa kila siku kwa ajili ya dini kinaruhusiwa mradi uso wote uonekane bila kivuli. Studio ikitaka kukubadilishia nguo kwa kompyuta, kataa kwa nyaraka zote za serikali na ubalozi, rudia picha ukiwa na nguo halisi.

Na jaketi la kombati ulilolipata mtumbani usilivae kwenye picha yoyote, hata ya kujifurahisha. Mavazi yanayofanana na sare za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ni marufuku kwa raia, na mwaka 2023 jeshi liliwapa wenye nayo siku 7 kuyasalimisha. Ukiwa nalo bado, lipeleke kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa.